Kronogramu haihitaji mashine kubwa

Kila mara tenda inapotangazwa huku kwetu, iwe ya madarasa, ya kituo cha afya ao ya kutengeneza kipande cha barabara, swali moja linarudi: "Mkubwa, ninunue ordinatere gani ili Project ifanye kazi?" Na jibu ni lile lile. Mtu anachukua ukurasa wa Microsoft wa mahitaji ya mashine, anautupa pale jinsi ulivyo, mambo yameisha. Kijana anaanza kutafuta dola 400 ao 500 za mashine mpya, ao anaacha ile tenda ipite.

Leo nataka tuusome ule ukurasa kama vile tunavyosoma memwari ya mwanafunzi: unasema nini, unanyamazia nini, na uliandikiwa nani.

Namba kwanza. Project 2003 iliomba prosesa ya MHz 233 na memori ya MB 128. Project 2016 ikaomba prosesa ya GHz 1, memori ya GB 1 kwa Windows ya biti 32 ao GB 2 kwa ile ya biti 64, pamoja na GB 3 za nafasi kwenye diski. Project 2019 na 2021 zinaomba prosesa ya GHz 1.6 yenye viini viwili, memori ya GB 4, GB 4 za diski, na kioo, ile ekra, cha nukta 1280 kwa 768. Na yote hayo ni ndani ya Windows peke yake. Mwenye Mac ao Linux anabaki mlangoni.

Kutoka MB 128 mpaka GB 4 ni mara 32. Sasa niambieni: shule ya madarasa sita imekuwa nzito mara 32 tangu 2003? Bado kuna kusafisha kiwanja, kuchimba msingi, kumwaga beto, kupandisha kuta, mbao za paa, mabati, plasta, milango, rangi, vyoo. Ukigawanya vizuri unapata kazi 50 ao 60, pengine 80 kama wewe ni mtu wa kupenda mambo madogo madogo. Zilikuwa hivyo wakati wa baba zetu na ziko hivyo leo.

Hesabu yenyewe ndiyo ile inaitwa shemini kritiki: unajumlisha siku za kazi ukienda mbele, kisha unatoa ukirudi nyuma, na kazi ambayo tarehe zake za mbele na za nyuma zinalingana ndiyo isiyo na siku hata moja ya kupoteza. Ikichelewa hiyo, shantye yote imechelewa. Njia hii waliitengeneza James Kelley na Morgan Walker mwaka 1957, mmoja wa kampuni ya Remington Rand, mwingine wa DuPont, kule Marekani. Waliipitisha kwenye UNIVAC I, mashine ya tani karibu 13 yenye taa za bomba zaidi ya 5,000. Memori yake? Maneno 1,000 ya herufi 12 kila moja, maana yake herufi 12,000.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kupanga ratiba ya kazi kunahitaji gigabaiti nne, ujue anachanganya mambo mawili. Gigabaiti nne ni za Windows, za rangi, za vivuli kwenye vitufe, za mambo ya kuunganisha timu iliyotawanyika kwenye majengo matatu ya ofisi. Hesabu ya kronogramu ya shule inakaa kwenye kona ndogo sana ya hiyo memori. Simlaumu Microsoft kwa kutengeneza programu nzito. Ninaulaumu ukurasa wao kwa kusema "unahitaji" pale ilipofaa kusema "Windows yetu inahitaji".

Na Windows yenyewe sasa imekuwa mlango mwembamba kuliko Project. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuhudumia Windows 10, na siku ile ile ikamaliza Project 2016 na Project 2019. Hazizimiki, tuelewane. Zinaendelea kufunguka, ila hazipokei tena marekebisho ya usalama ya kawaida. Atakayependa kuhamia Windows 11 anaombwa memori ya GB 4, diski ya GB 64, kile kidude cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Angalieni laptopi za mitumba zinazotufikia. Nyingi ni za kizazi cha 3, cha 4, cha 5. Ni mashine nzima kabisa, zinafanya kazi, lakini kwa karatasi zimeshakufa.

Nikifika hapa ndipo ukurasa ule unaniudhi kweli, juu unanyamazia kitu cha kwanza anachouliza mtu wa Salamabila: umeme. Hakuna mstari hata mmoja unaosema programu hii itakula wati ngapi. Aliyeuandika alikuwa na tundu la umeme ukutani na hakuwahi kulifikiria. Sisi tunalifikiria kila asubuhi. Umeme wetu ni pano ya jua, ao gurupu ya esansi, ao kulipa kwa jirani mwenye gurupu. Na esansi inayopita barabara ya Kasongo wakati wa mvua, bei yake munaijua wenyewe.

Basi tufanye hesabu ambayo Microsoft haikuifanya. Mashine ya mezani pamoja na ekra yake inakula kama wati 120. Ukikaa nayo saa tano, ni wati-saa 600. Laptopi ya kawaida inakula kama wati 30 ukiwa unafanya kazi. Saa zile zile tano ni wati-saa 150. Sasa pano ya wati 100, kwa siku ya jua zuri, inakupa kama wati-saa 400, na ukiondoa zinazopotea kwenye waya, kwenye batri na kwenye konvertisere, ile mashine inayogeuza umeme wa batri kuwa wa nyumbani, unabaki na kama 300. Batri ya Ah 100 ya volti 12 imeandikwa wati-saa 1,200, lakini kama ni ile ya maji ya asidi, ukipitisha nusu kila siku unaiua kabla ya mwaka kuisha. Basi hesabu 600. Maana yake ni kwamba kwa pano moja na batri moja mwenye laptopi anafanya kazi mpaka usiku na bado anachaji simu za watoto, wakati mwenye mashine ya mezani anakula kwa siku moja mara mbili ya kile pano inacholeta. Mashine ya mezani ni rahisi dukani, kweli. Tofauti utailipa kwa esansi.

Wati-saa ndiyo sharti la kwanza. Prosesa inakuja nyuma.

Sharti la pili ambalo ukurasa haulisemi vizuri ni diski. Mashine yenye GB 4 na diski ya zamani, ile inayozunguka, memori ikijaa inaanza kusukuma vitu kwenye diski, na hapo unaona kila kitu kimesimama, watu wanasema "prosesa imechoka". Prosesa haikuchoka hata kidogo. Weka diski ya SSD ya GB 240 na uongeze memori ifike GB 8, mashine ya mwaka 2013 inarudi ujana. Nimeona mafundi wawili wa Kindu wakiwaambia wateja wanunue mashine nyingine badala ya kuwaambia hilo. Biashara ni biashara.

Ekra nitaisema kwa heshima yake. Hapa Microsoft iko na haki: 1280 kwa 768 ni kidogo kabisa unachoweza kuvumilia. Kronogramu ni kitu kipana. Upande wa kushoto uko na majina ya kazi, siku, tarehe, kazi inayotangulia. Upande wa kuume uko na mistari ya miezi. Laptopi nyingi za mitumba ziko na 1366 kwa 768, zinapita kwa unywele. Zile ndogo za nukta 1024 kwa 600 haziwezi. Hata kitufe cha kukubali kinajificha chini ya ekra.

Tuje kwa programu zenyewe, moja moja, nami nitasema ninavyoziona.

Microsoft Project ni nzuri, tusidanganyane. Ukiwa na mafundi wengi wanaogawanywa kwa kazi nyingi, inakuonyesha nani amepewa saa 14 kwa siku moja. Lakini ya kununua mara moja ni karibu dola 680 kwa ile ya kawaida na karibu dola 1,130 kwa ile ya Professional. Ya kulipa kila mwezi iko ya dola 10, ya 30 na ya 55 kwa mtu mmoja. Ile ya dola 10 ni ya kufungua ndani ya intaneti tu, kwa hiyo réseau ikianguka, kronogramu yako imeanguka nayo. Ile ya 30 unaiweka kwenye mashine, lakini lazima iguse intaneti karibu kila mwezi ili ithibitishe kwamba umelipa. Isipogusa, inakuacha uangalie faili bila kulibadilisha. Hebu fikiria uko kwenye shantye ndani ya Kabambare, siku ya kutoa ripoti, mashine inakuambia "uangalie tu". Kopi za kuiba zinazozunguka kwa flashi nazo wote tunazijua, pamoja na virusi zinazosafiri nazo bila nauli. Mwenye kampuni ndogo iliyo na karatasi zote za serikali asipande gari hilo.

Primavera P6 ya Oracle nitaipita haraka. Ni programu ya miradi mikubwa ya mafuta, madini na mabwawa. Inataka hifadhidata nyuma yake, Oracle ao SQL Server, ao SQLite kama uko peke yako. Ukiajiriwa na kampuni kubwa watakufundisha na watakupa mashine. Kuinunua kwa ajili ya madarasa sita ni kuchinja kuku kwa shoka la kupasulia kuni.

Excel? Hapa najua nitawakasirisha wengi. Kupaka visanduku rangi ya kijani si kupanga kazi. Ile ni picha. Saruji ikichelewa wiki mbili, msingi unasogea, lakini kuta, paa na rangi vinabaki pale pale, kwani Excel haijui kwamba ukuta unasimama juu ya msingi. Utasogeza kwa mkono kisanduku kwa kisanduku, na ule mmoja utakaousahau ndio mkaguzi atakaouona. Tofauti kati ya picha na kronogramu iko hapo tu: kazi moja ikisogea, zile zinazoifuata zinasogea zenyewe.

Zinabaki mbili ambazo ni bure na haki. ProjectLibre ilitoka mwaka 2012, inafanana na Project ya zamani hata kwa sura, inafungua faili za Project zile za mpp, na inafanya kazi kwa Windows, Mac na Linux. Haiwezi kuandika mpp, inaandika XML ambayo Project inaisoma. Kasoro zake: inachelewa kuamka, na ukifungua faili la mtu mwenye kupenda mapambo, mapambo yanapotea njiani. Kuchapisha kwake nako kunahitaji uvumilivu. GanttProject ni nyepesi zaidi. Ilianza mwaka 2003 kule Ufaransa, chuoni, na bado iko hai. Inatoa PDF, picha, jedwali, na faili la kupeleka kwa Project. Ubovu wake mkubwa ni kwamba inahesabu kwa siku, haijui saa. Ukitaka kupanga matengenezo ya kinu cha machimbo ya saa 36, achana nayo. Kwa shule, kisima, daraja la mbao, sioni kinachokosekana.

Zote mbili zimejengwa juu ya Java, na Java isipoambiwa kitu inajipa robo ya memori ya mashine kama mpaka wake. Mashine ya GB 2 itaipa MB 512. Kwa kazi 80 ni mji mzima kwa ajili ya familia moja.

Kwa nini ninasumbua watu na mambo ya gigabaiti? Juu kuna pesa za watu ndani yake. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka kazi ndogo za makampuni makubwa, zile za kugawiwa kwa wengine, mikononi mwa kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 ikaweka asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni ya machimbo kwa maendeleo ya jamii inayozunguka. Pesa hizi zikija, zinakuja kwa sura ya miradi, na mradi unaombwa kronogramu. Mwenye kampuni ndogo ya ujenzi hapa Salamabila amehesabu devi yake vizuri, anajua mchanga unatoka wapi, anajua fundi gani hanywi. Kisha anasoma kwenye hati ya tenda: kronogramu itolewe kwa faili la Microsoft Project. Nimesoma hati ya namna hiyo, ya shirika moja ambalo sitalitaja, kwa kazi ambayo haikufika dola 20,000. Sharti la programu ya dola 680 na mashine ya kuibeba, kabla hata bei haijafunguliwa! Aliyeandika sharti hilo hakuwa na nia mbaya, alinakili hati ya mradi mwingine mkubwa. Lakini mtu wa hapa ametolewa nje, na kazi imekwenda kwa kampuni ya mjini ambayo itakuja kuajiri huyo huyo kama kapita.

Mwenye mradi iko na haki ya kudai faili analoweza kulibadilisha na kulifuatilia mwezi kwa mwezi. PDF peke yake haimtoshi, hilo nakubali. Faili la XML linamtosha. Analifungua kwa Project yake, anaona kazi, tarehe, na kazi ipi inafuata ipi. Kwa hiyo wale wetu wanaofanya kazi kwenye mashirika na wanaoandika hizo hati, badilisheni mstari mmoja: "faili linaloweza kufunguliwa na Microsoft Project". Ni maneno machache, wala hayapunguzi ubora.

Kuna anayedhani kwamba mashine kubwa inaleta ratiba ya kweli. Namoya iko mlangoni petu. Banro, kampuni ya Kanada, haikukosa umeme wala programu wala mainjinia. Dhahabu ya kwanza ilitoka mwisho wa 2013. Kutangaza kwamba uzalishaji wa kibiashara umeanza kulingoja mpaka Januari 2016. Katikati hapo udongo ulionekana kuwa na vumbi laini kuliko walivyotazamia, dawa ikawa haipenyi vizuri kwenye malundo, wakabadilisha namna ya kufanya kazi. Kisha 2019 ikaja habari ya usalama, kampuni ikasimamisha kazi. Vitu hivyo viwili, udongo na usalama, havimo kwenye ukurasa wowote wa mahitaji ya mashine. Programu inajumlisha siku ulizoiambia. Ukiiambia kwamba lori la saruji linafika kwa siku tatu, itaamini.

Na ni nani anayejua kwamba kwa mwezi wa Aprili lori hilo linaweza kulala wiki mbili kwenye matope, na kwamba kazi ya paa inafaa isukumwe mpaka kati ya Juni na Agosti? Si mtaalamu aliyeletwa na ndege. Nimeona kronogramu zilizoandikwa mbali, nzuri kwa macho, zenye rangi, ambazo zilimwaga beto siku ya mvua kubwa na kutengeneza tofali katikati ya masika. Zilitoka kwenye mashine zinazotimiza masharti yote.

Basi kwa mwenye kuuliza, nimjibu bila kumzungusha. Tafuta laptopi ya mitumba ambayo chaja yake haipiti wati 65. Memori GB 8. Ukikuta ya GB 4 yenye nafasi ya kuongeza, chukua hiyo na uongeze. Diski SSD. Kama Windows 11 inakataa, weka Linux, GanttProject na ProjectLibre zitafunguka bila shida. Pima batri yake ukiwa dukani: ichomoe, ifanye kazi dakika 20, uone imeshuka ngapi. Siku ya kuweka tenda toa vitu vitatu kwenye flashi: PDF ya karatasi A3, faili la XML, na jedwali la kazi zote na siku zake, na uvifungue kwanza kwenye mashine ya mtu mwingine. Na ekra, ukiweza kupata ya 1920 kwa 1080, ichukue hata kama imekwaruzwa pembeni.